Kifuniko cha Kijivu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesimamisha shamba zima. Mimi! Mwenye chumba cha maabara cha hatua sita kwa nne, feni moja, na friji inayonguruma mchana kutwa.

Ilikuwa hivi. Kila miezi mitatu wapiga dawa wote kumi na wawili hutolewa damu, nami hupima kimeng'enya kimoja tu — kile kinachofagia baina ya neva na msuli. Neva inaamuru, msuli unakaza, kimeng'enya kinaifagia ile amri, msuli unalegea. Basi. Dawa zetu za wadudu zinakizima hicho hicho kwa mdudu, na mtu akizivuta au zikimpenya ngozini zinakizima na kwake. Amri haifagiwi. Jasho, machozi, mate, kutetemeka, na mwisho kabisa mapafu. Kila mmoja ana kipimo chake cha mwanzo wa msimu, kabla hajagusa pampu. Hicho tunakiita mia. Akishuka chini ya sabini anaondolewa kwenye dawa mpaka apande. Ni sheria ya shamba lenyewe, imebandikwa ukutani kwangu, na sahihi ya Meneja iko chini yake.

Leo wote kumi na wawili wako chini ya ishirini. Wote!

Daktari wa kampuni huja Jumanne na Ijumaa tu. Sikumsubiri. Nilitoka na koti langu jeupe hadi stoo ya dawa, nikamwambia nyapara afunge. Akacheka. Nikamwonyesha karatasi. Akafunga.

Shemeji yangu alikuwa pale — mume wa dada yangu mkubwa, ndiye kiongozi wa wapiga dawa. Alinitazama kama nimemvua nguo hadharani. Kisha akaja Meneja anahema. Alisema nzi weupe wako kwenye pilipili hoho na hawasubiri mtu. Nikamwambia na mapafu hayasubiri. Watu walisikia. Nimevimba kichwa, najua, na sina haraka ya kukipunguza.

Jumanne, 4 Machi

Aibu.

Nilikuwa napiga mswaki asubuhi. Nikakumbuka kwamba mmoja wa wale kumi na wawili, yule mrefu wanayemwita Mlingoti, amerudi kazini juzi tu. Alikuwa likizo wiki tano kwao. Hajashika pampu, hajanusa hata kopo. Sasa kimeng'enya chake kimezimwa na nini? Nilitema povu nikatoka bila chai.

Nikafungua friji. Vichupa kumi na viwili vimesimama kwenye kibao, kila kimoja na kifuniko cha kijivu.

Damu ya kipimo changu huwekwa kwenye kichupa cha kifuniko cha kijani. Cha kijivu ni cha kupimia sukari. Ndani kina unga wa floridi, jamaa yake yule aliye kwenye dawa ya meno, na kazi yake ni kuzima vimeng'enya ili chembe za damu zisiile sukari kabla haijapimwa. Kinazima na kile changu vilevile. Ningeweka damu ya ng'ombe dume mwenye afya ningepata kumi na tano.

Nesi ndiye aliyetoa damu. Nimemuuliza kwa upole. Vya kijani vilikwisha, akachukua boksi lililokuwa karibu. "Mdogo wangu, si chupa ni chupa?" Ana miaka ishirini na sita ya kazi na mimi simlaumu, kwa sababu vifuniko vyote kumi na viwili nilivifungua mimi, kwa vidole hivi, huku nikiongea na dada kwenye simu kuhusu mapazia.

Nilikwenda kwa Meneja mwenyewe, kabla hajaniita. Nikamwambia nimekosea kichupa, majibu ya jana ni batili, naomba siku mbili nirudie. Alicheka mpaka akavua miwani. Daktari alikuwepo, akacheka kidogo kwa adabu. Kufika saa sita, kwenye banda la kufungashia wanawake walikuwa wamekwishanibatiza: Kijivu. "Kijivu anapita." "Kijivu, leo umetusimamishia nini?"

Vile vichupa nilitaka kuvimwaga. Mkono umekataa. Nimevirudisha kwenye friji, rafu ya chini, nyuma ya maji ya chumvi.

Sawa. Nimekosea rangi. Kazi naijua.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima boksi la kijani zahanati ya jirani. Nimetoa damu mwenyewe, mmoja mmoja, mlango wazi, kila mtu aone kifuniko kabla sijamchoma.

"Kijivu, leo rangi gani?"

"Kijani. Kunja mkono wa shati."

Shemeji alikuja wa mwisho. Hakunitania, na si kawaida yake. Kifungo cha mkono wa shati kilimshinda kukifungua, akasema ni kipya. Shati lenyewe nalijua, dada alimnunulia mwaka juzi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepima mara tatu. Nimebadilisha kemikali, nimepima tena.

Wanane wako salama: themanini na kitu, tisini na kitu, Mlingoti mia kasoro moja. Wanne hawako salama. Sitini na tatu. Hamsini na nane. Hamsini na tano. Na shemeji — arobaini na moja.

Nilikaa. Nikainuka nikaangalia vifuniko. Kijani, kijani, kijani, kijani. Hao wanne ndio wanaochanganya dawa mpya, ile ya kopo la bluu, kabla haijamiminwa kwenye pampu. Glavu zao nimeziona zimeanikwa kwenye waya. Kidole gumba cha moja kimefungwa kwa utepe wa gundi.

Daktari alisoma majibu akiwa amesimama. "Kijivu tena?" Nikamwekea vichupa mezani. Akavigeuza. Akakubali ni vya kijani. Halafu akakuna kidevu akasema labda watu hawa lishe yao ni duni. Kimeng'enya nacho kinataka kofakta, yaani msaidizi, akasema, kama gari linavyotaka betri. Wapewe vidonge vya zinki na magnesi wiki moja, kitaamka. Wakati huo kazi iendelee, Jumatano wapige dawa kama ratiba inavyosema.

Meneja alifurahi utadhani amepewa mjukuu. Vidonge! Anavyo stoo katoni nzima.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini naona ilitoka kubwa. Viko vimeng'enya vinavyolala kwa kukosa msaidizi, kweli. Kile cha ini nipimacho kila wiki hakifanyi kazi bila zinki na magnesi. Damu yake ukiitia kwenye kichupa cha zambarau, dawa ya mle ndani inayanyakua yale madini na kimeng'enya kinakaa bure. Mrudishie madini, kinaanza kuinuka. Hicho ni cha kukosa msaidizi. Hiki cha wapiga dawa hakimngoji msaidizi yeyote. Kiti chake kimekaliwa na sumu. Unaweza kumlisha mtu zinki mpaka atafune kama karanga, aliyekalia kiti hatoki.

Daktari akasema tusibishane mbele ya watu. Hapakuwa na mtu ila Meneja.

Kwenye fomu ya wiki kuna safu yangu: FITI au ASIPIGE DAWA. Sijaijaza. Hata stoo haifunguliwi bila fomu hiyo, sahihi yangu na ya nyapara.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa dada. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Nilikuwa nimejipanga niongee taratibu, baada ya kula.

Shemeji alikuwa sebuleni kaketi kwenye mwanga wa dirisha, analowa jasho, na feni inamwelekea yeye peke yake. Nikamtazama macho. Mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya kalamu. Alikuwa anajifuta mate pembeni mwa mdomo kwa leso, anaificha leso chini ya mto.

"Shemeji, tangu lini unaona ukungu?"

"Ukungu gani? Mimi naona mpaka kesho kutwa."

"Soma pale." Nikamwonyesha kalenda ukutani. Akasema hana muda wa michezo ya kitoto.

Nikamwambia. Arobaini na moja. Nikamwambia maana yake, moja baada ya jingine, mpaka mapafu. Dada alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, taratibu, kwamba anayeondolewa kwenye pampu msimu huu, msimu ujao jina lake halisomwi getini. Nilikuwa najua hilo? Najua. Kwamba amepanda kutoka kubeba ndoo hadi kiongozi kwa miaka kumi na mmoja? Najua. "Basi shemeji, wewe uliyewafanya watu kumi na wawili wafu Jumatatu, na Jumanne ukawafufua, leo unataka nife mimi peke yangu."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo, na hapo ndipo panauma.

Dada alinisindikiza hadi barabarani. Tukafika kwenye kona. Halafu: "Una hakika? Si kama ile ya kwanza?" Nikasema nina hakika. Akasema, "Hakika yako ya Jumatatu nayo ilikuwa hakika." Akarudi ndani.

Nimekasirika. Nimemkasirikia Daktari, Meneja, Nesi, mapazia ya dada, na mimi mwenyewe kuliko wote. Lakini siendi kuandika FITI mbele ya jina la mtu ambaye mboni zake nimeziona.

Jumatatu, 10 Machi

Ee Mungu, nimepata!

Niandike kwa mpangilio. Wanasema majibu yangu ni kosa la kichupa. Haya. Kuna tofauti gani kati ya kimeng'enya kilichozimwa na kichupa na kilichozimwa na kopo la bluu? Kwenye mashine hakuna, namba ni namba. Lakini floridi inakalia kiti tu, haijifungi. Ukiziosha chembe nyekundu — ndimo kimeng'enya changu kilimo — inatoka na maji. Sumu ya kopo imejipigilia misumari. Hiyo haioshwi.

Nilianza na damu yangu. Nesi alinitoa, kichupa cha kijani na cha kijivu, mkono mmoja, sindano moja. Kijani: mia. Kijivu: kumi na nne. Nikazizungusha zile za kijivu kwenye mashine, nikamwaga maji ya juu, nikatia maji ya chumvi, nikazungusha tena. Mara tatu. Nikapima.

Tisini na saba.

Nesi akauliza kwa nini nacheka. Nilikuwa nimeshainama kwenye friji. Rafu ya chini, nyuma ya maji ya chumvi. Vile vichupa kumi na viwili vya Jumatatu. Aibu yangu yote, imesimama kwenye kibao!

Nikaosha yote kumi na viwili. Kutwa nzima. Nesi alinishikia saa, akaandika namba kwa mwandiko wake wa zamani wenye mikia. Mlingoti akarudi: tisini na sita. Wa pili akarudi. Wa tatu. Wanane wakarudi mmoja baada ya mwingine, namba zao karibu sawa na za kijani. Na wale wanne hawakurudi. Sitini na moja. Hamsini na saba. Hamsini na tano.

Shemeji, arobaini. Nilimwosha mara ya nne, na ya tano. Arobaini.

Niliacha kucheka hapo.

Kisha, ili mtu asinisumbue, nikatia na zinki na magnesi yao kwenye damu ya shemeji. Arobaini. Nikachukua kimeng'enya cha ini kilicholala kwenye kichupa cha zambarau, nikakitilia madini hayo hayo, kikapanda zaidi ya nusu mbele ya macho yetu. Nesi amesema ndani ya miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini vifuniko vina rangi. Ameomba aandike jina lake chini ya karatasi. Nikamwambia anajua itamfikisha wapi. Akasema anajua, nimpe kalamu.

Jumanne, 11 Machi

Daktari alisoma karatasi zote mbili, ya kuosha na ya madini, akiwa ameketi safari hii. Alisoma polepole. Nilimwona anapofika kwenye ile kuosha — akarudi juu, akasoma upya. Huyu mtu anajua. Alijua tangu Ijumaa, naapa.

"Umethibitisha," akasema. Halafu: "Nani alikutuma?"

Nikasema ukuta. Nikamwonyesha ile sheria iliyobandikwa.

Akasema amebakiza miezi minane astaafu. Nikamwambia hongera, shemeji yangu sijui amebakiza mingapi. Alikunja karatasi akazitia mfuko wa ndani wa koti. Sijui anazipeleka wapi. Mimi nina nakala, Nesi ana nakala, na moja nimeibandika mlangoni kwa nje, ile yenye namba bila majina.

Saa nane Meneja akaniita. Hakucheka. Alisema nimetumia kemikali za kampuni kwa majaribio yasiyoidhinishwa. Alisema nimebandika karatasi bila kibali. Alisema mengi, mengine ya kweli. Kisha akanisogezea fomu: kumi na wawili, FITI, weka sahihi, tusahau yote, hata lile la Jumatatu ya kwanza. Kalamu aliifungua yeye.

Nikachukua kalamu. Nikaandika FITI mara nane. Mara nne nikaandika ASIPIGE DAWA, herufi kubwa, nikakandamiza mpaka ikatokea upande wa pili. Nikaweka sahihi.

Barua ya kusimamishwa kazi ilikuwa imeshachapwa, maana alifungua droo tu. Naondoka kesho, mwisho wa kazi, saa kumi na moja jioni. Ametaka nisaini kuipokea. Nikasaini, na chini nikaongeza: "Nimeipokea, sijaikubali."

Jumatano, 12 Machi

Saa tisa na nusu mchana. Niko maabara. Naandika nyuma ya fomu za zamani, daftari liko nyumbani.

Mlinzi ametumwa mara mbili aniondoe mapema. Mara ya kwanza alikuja akasoma barua kwa kidole, akasema imeandikwa saa kumi na moja, yeye hawezi kubishana na barua. Mara ya pili alikuja kunywa maji.

Wameandika fomu nyingine. Nesi ameiona: wote kumi na wawili FITI, na penye sahihi yangu Daktari ndiye atie. Saa nne asubuhi ilikuwa mezani kwake, haijasainiwa. Amekuja leo, siku isiyo yake, kajifungia ofisini. Nyapara ameambiwa asiingoje sahihi hiyo, afungue stoo. Saa kumi kamili jua likipungua ndipo hupiga dawa, injini ya pampu kubwa inawashwa na shamba zima linaisikia, mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi.

Mchana huu dada alikuja getini. Hakuruhusiwa kuingia, akaniita kupitia waya. Alisema shemeji alishindwa kutoka bafuni asubuhi, miguu ilimgoma, akakaa kwenye sakafu yenye maji mpaka alipomwinua. Halafu akavaa sare akaja kazini. Nikamuuliza alisema nini. "Alisema nisikuambie." Akanishika vidole kwenye matundu ya waya. Akasema samahani ya Jumapili. Nikamwambia Jumapili alikuwa na haki, aende akae kwenye kivuli.

Saa kumi kasoro dakika kumi.

Shemeji ametoka hapa sasa hivi. Aliingia na ovaroli, barakoa shingoni. Alidhani nitamhubiria. Niliwasha mashine tu, nikatoa kile kichupa chake na changu, nikamwosha mbele yake. Alikaa kwenye stuli akatazama mzunguko wote, mara tatu, kama mtu anayengoja nguo zake. Namba zikatoka. Yangu tisini na saba. Yake arobaini. Akauliza, hiyo yangu mbona hairudi? Nikamwambia. Akauliza kama ataendelea kupiga dawa itafika ngapi. Nikamwambia sijui, na sitaki kuwa mimi nitakayeipima.

Akauliza kama mwili unatengeneza kingine kipya. Ndiyo. Kwa siku ngapi? Nikasema, wiki nyingi, shemeji, miezi, na bila kuligusa lile kopo. Akasema, "Na wale watatu?" Nikasema vilevile.

Alichukua ile karatasi ya Nesi ya mikia. Aliisoma akiisogeza mbali, halafu karibu, halafu akanipa nimsomee. Nikamsomea. Akaikunja akaiweka ndani ya barakoa. Hakuniaga. Nilimwona dirishani anavuka kwenda stoo, anatembea na mkono mmoja ukutani. Wenzake wamesimama pale na pampu chini. Nyapara yuko mlangoni na funguo. Meneja anashuka ngazi za ofisi, anapiga makofi kuwaharakisha.

Saa kumi.

Shemeji anasema kitu, simsikii. Mlingoti ameinama anamsikiliza. Amepokea karatasi, anaisoma kwa sauti, midomo yake naiona. Meneja anaelekeza kidole huku kwangu.

Saa kumi na dakika nane. Mlinzi amerudi, ameegemea mlango wangu, naye anatazama nje. Sijagusa mkoba wangu. Nimezima feni na friji ili nisikie vizuri.

Saa kumi na robo. Injini bado.